Jicho la Mwenye Nguvu: Kosa la Kuona na Msiba wa Rosa Mistika

Utangulizi

Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitolewa na East African Literature Bureau mwaka 1971. Tangu siku hizo imesomwa kwa namna mbili zinazopingana. Kundi la kwanza la wasomaji limeiona kuwa kitabu cha aibu, chenye kumwanika msichana na mambo yake ya siri mbele ya watoto wa shule. Kundi la pili limeiona kuwa kitabu cha malezi, chenye kuwaonya wazazi wasizidishe ukali. Makundi yote mawili yameshika mkia wa jambo na kuacha kichwa.

Rai yetu ni hii. Rosa Mistika ni riwaya juu ya kosa la kuona. Kila mtu mwenye nguvu juu ya Rosa anamtazama na kuona kitu kingine badala ya mtu. Baba anaona hatari, shule inaona mwili wa kufungiwa, wakubwa wanaona chakula, mchumba anaona bidhaa iliyokwisha kutumika. Hakuna hata mmoja anayemwuliza. Msiba unaofuata si ajali wala si majaaliwa. Ni matokeo ya makosa hayo yakipangwa moja juu ya jingine, kila moja likiwa na nguvu nyuma yake.

Sisi tunaoisoma riwaya hii hapa Kasingirima, katika mji wa Ujiji, tuko mbali na kisiwa cha Ukerewe alikozaliwa mwandishi na ambako hadithi inaanzia. Lakini ziwa ni ziwa, na baba ni baba. Zakaria tunamjua. Yumo katika mitaa yetu, naye hudhani kwamba anaiona nyumba yake.

Kosa la jicho na kosa la nguvu

Kabla ya kuingia ndani ya riwaya yenyewe, hapana budi tupambanue aina mbili za kosa la kuona, maana watu huzichanganya.

Aina ya kwanza ni kosa la jicho. Mfano wake mzuri umo katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili na kuichapisha mwaka 1963. Vita vinapopamba moto, Cassius anampandisha mtumwa wake Pindarus mlimani atazame mambo ya rafiki yake Titinius. Pindarus anaona wapanda farasi wamemzunguka, anasema ametekwa. Cassius anakata tamaa na kuuawa kwa amri yake mwenyewe. Kumbe wapanda farasi wale walikuwa marafiki, na Titinius alikuwa akivishwa shada la ushindi. Jicho lilikosea kwa sababu ya umbali. Lakini hata hapa tuulize zaidi: kwa nini Cassius aliamini upesi hivyo? Kwa sababu moyoni alikuwa amekwisha kushindwa. Jicho la Pindarus lilileta habari. Woga wa Cassius ndio ulioitafsiri.

Ujiji nayo ina mfano wake, na kila mtoto wa hapa huoneshwa mahali pa ukumbusho wake. Livingstone alikuwa na wazo kwamba huenda mto Lualaba ndio chanzo cha Nili. Mwaka 1871 alikuwa Nyangwe, ng'ambo ya ziwa letu, akaona kwa macho yake mauaji ya watu sokoni mwezi Julai. Akarudi Ujiji akiwa mgonjwa na fukara, na hapa ndipo Stanley alipomkuta mwezi Novemba mwaka huo. Wawili hao walisafiri mpaka kaskazini mwa ziwa wakaona kwamba mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Wazo moja likawa limekufa. Lakini lile la Lualaba halikufa. Livingstone alilifuata mpaka likamwua, mwaka 1873, katika kijiji cha Chitambo ambacho leo kimo Zambia. Miaka minne baadaye safari ya Stanley ilithibitisha kwamba Lualaba ni Kongo. Mtu alikufa akikifuata kitu ambacho hakikuwako. Walioteseka pamoja naye ni wapagazi ambao hawakuulizwa kama Nili inawahusu.

Hapo ndipo tunaikuta aina ya pili, yaani kosa la nguvu. Mnyonge akikosea kuona, gharama hulipa mwenyewe. Mwenye nguvu akikosea, gharama hulipwa na wengine. Tena mwenye nguvu hana haraka ya kusahihisha jicho lake, kwa kuwa wale wanaoweza kumsahihisha amewanyima kusema. Kosa la jicho hurekebishwa kwa kusogea karibu. Kosa la nguvu halirekebishwi kwa kusogea karibu, maana Zakaria aliishi nyumba moja na Rosa.

Macho ya baba

Zakaria ni mlevi. Jambo hili mwandishi halifichi, nasi tusilifanye dogo. Mzigo wa nyumba uko mabegani mwa Regina, mkewe, ambaye hulima, hupika, huomba na huvumilia. Mwenye amri ni Zakaria. Mwenye kazi ni Regina. Katika uchumi mdogo wa nyumba ile, anayekula hakulima na aliyelima hana sauti. Huu ndio msingi wa mambo yote yanayofuata, na mhakiki asiyeuona atabaki akizungumza juu ya tabia tu.

Inapopatikana barua ya Charles kwa Rosa, Zakaria haisomi kama barua. Anasoma ndani yake kile alichokwisha kukiogopa, yaani heshima yake kupotea. Kwa hiyo Rosa anapigwa. Yafaa tujiulize: alipigwa kwa kosa gani? Kuandikiwa barua si tendo la mwandikiwa. Aliadhibiwa kwa jambo lililotendwa na mtu mwingine na kwa tafsiri iliyofanywa na mtu wa tatu.

Wazee wetu husema samaki mkunje angali mbichi. Zakaria angeweza kuitumia methali hii kujitetea, na wazazi wengi hapa pwani ya Tanganyika huitumia hivyo. Lakini anayekausha samaki ajue tofauti ya kukunja na kuvunja. Samaki hukunjwa taratibu, kwa mikono miwili, akiwa bado na unyevu wake. Anayemkunja kwa rungu hapati samaki aliyekunjwa, anapata vipande. Methali inafundisha wakati wa malezi. Haikutoa ruhusa ya kipigo. Methali nyingine inasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Rosa hakufunzwa, alitishwa. Kutishwa si kufunzwa, kwa kuwa anayetishwa hujua tu kwamba kitu fulani ni cha kuogopwa, hajui ni kitu gani wala namna ya kukabiliana nacho.

Tunakumbuka hapa riwaya ya Chinua Achebe iliyotoka mwaka 1958, ambayo Clement Ndulute aliileta katika Kiswahili mwaka 1973 kwa jina la Shujaa Okonkwo. Okonkwo naye alimtazama baba yake, akaona udhaifu tu, akaapa kutofanana naye. Kwa kuogopa kuonekana dhaifu alimkata Ikemefuna, kijana aliyemkimbilia akimwita baba. Zakaria na Okonkwo hawafanani kwa bidii ya kazi, lakini jicho lao ni moja. Kila mmoja anapomtazama mtoto haoni mtoto. Anaona sura yake mwenyewe mbele ya majirani.

Macho ya shule

Rosa anatoka nyumbani kwenda shule ya bweni ya wasichana Mwanza, chini ya masista. Shule inarithi jicho la Zakaria na kulitia sare. Palipokuwa na fimbo sasa pana kengele, ua na kanuni. Hatusemi kwamba kanuni ni mbaya. Tunasema kwamba kanuni zilizokuwako zilimlinda msichana asionekane na dunia, hazikumfundisha yeye kuiona dunia.

Kisha anatoka kwenda chuo cha ualimu Morogoro, na ua unakwisha. Binti aliyekuwa akiwaogopa wanaume sasa yumo kati yao bila silaha yoyote ya akili. Wanaompokea si vijana wa rika lake tu; ni pamoja na wakubwa wenye kazi, fedha na madaraka. Hapa ndipo riwaya inapofanya jambo la ushujaa. Mwandishi hasemi kwamba Rosa alipotea kwa sababu ya mji. Anaonesha kwamba waliokabidhiwa kumwinua ndio walioongoza kumtumia. Mimba zinakuja, zinatolewa kwa siri, na kila siri inamsukuma mbali zaidi na mtu yeyote anayeweza kumsaidia.

Wapo wanaouliza: je, Rosa mwenyewe hakuwa na akili? Swali ni la haki, nasi hatulikwepi. Rosa naye anakosea kuona. Anaona uhuru mahali ambapo pana kubadilishwa mikono tu, kutoka amri ya baba hadi tamaa ya wakubwa. Wavuvi wetu wa dagaa hutoka jioni na taa zao, zamani karabai na sasa taa za betri, wakavua usiku wa giza. Dagaa huja kwenye mwanga kwa kuwa kote kwingine ni giza. Usiku wa mwezi mpevu taa haina kazi. Aliyekulia gizani usimcheke kwa kuukimbilia mwanga wa kwanza. Uliza ni nani aliyelitengeneza giza, na ni nani anayeshika nyavu.

Macho ya mchumba

Rosa anapoanza kujitengeneza upya, Charles anarudi katika maisha yake. Ni yule yule wa barua. Msomaji anapata tumaini, na mwandishi analiacha tumaini hilo likue kabla ya kulikata. Charles anagundua kwamba Rosa si bikira, anamwacha. Rosa anajiua.

Charles si mtu mbaya kwa kipimo cha kawaida, na kwa sababu hiyo kosa lake lina uzito kuliko la Zakaria. Zakaria ni wa zamani, mlevi, mtu wa kulaumiwa kwa urahisi. Charles ni kijana wa elimu, wa kizazi kilichotarajiwa kuleta mahusiano mapya baina ya mume na mke. Naye alipopewa nafasi ya kumwona mtu mzima, mwenye historia, majuto na juhudi za kusimama tena, alitazama sehemu moja ya mwili na kusoma hukumu. Mwanamume hapimwi kwa kipimo hicho. Hakuna anayeleta ushahidi wa usafi wa bwana harusi.

Fikra hii haikutoka hewani. Ni fikra ya mali. Katika jamii inayohesabu binti kwa mahari, ubikira ni lakiri ya bidhaa, na lakiri ikivunjika bei hushuka. Charles amevaa suruali ya kisasa lakini mizani aliyoishika ni ya kikabaila. Elimu iliyompa cheti haikumpa macho. Hili ndilo onyo kubwa la riwaya kwa wasomi, na ndilo linalopitwa kwa haraka sana na wahakiki.

Baraza la mwisho

Mwishoni Kezilahabi anawachukua baba na binti, wote wakiwa wamekufa, anawasimamisha mbele ya Mungu, kila mmoja akimlaumu mwenzake. Wapo waliosema sehemu hii imebandikwa tu, haiendani na uhalisi wa riwaya. Sisi tunaona kinyume. Hapa ndipo kwa mara ya kwanza Rosa anazungumza na Zakaria wakiwa sawa, bila fimbo kati yao. Mazungumzo yaliyopaswa kufanyika ukumbini Namagondo, siku ile ya barua, yanafanyika baada ya mazishi. Mwandishi hakuhitaji kuongeza maelezo. Nyumba ambayo haina baraza la kusikilizana duniani itakwenda kulipata mahali ambapo halimwokoi mtu tena.

Macho ya wasomaji

Riwaya yenyewe nayo ilitazamwa vibaya. Baada ya kutoka ilipigwa marufuku shuleni kwa kuonekana kuwa inapotosha maadili, na ilichukua miaka mingi kabla ya kurudishwa na kusomeshwa katika sekondari. Waliofanya hivyo hawakuwa na nia mbaya. Walitaka kuwalinda wasichana. Lakini tazameni namna tendo lao lilivyofanana na tendo la Zakaria: waliona maandishi yanayotaja jambo la hatari, wakayapiga maandishi badala ya hatari. Kitabu kilifungiwa, wakubwa wanaowawinda wanafunzi hawakufungiwa.

Mhakiki wa fasihi anayejenga jamii lazima atofautishe kati ya kazi inayoonesha uovu na kazi inayousifu. Rosa Mistika haiusifu. Msomaji anayefika ukurasa wa mwisho hatamani maisha ya Rosa. Kioo kikionesha uso wenye kidonda, tiba haimo katika kukivunja kioo.

Mwaka ule ule wa 1971 Bunge lilitunga Sheria ya Ndoa. Ilikuwa hatua kubwa kwa wakati wake, kwa kuziweka ndoa za kidini, kimila na kiserikali chini ya sheria moja. Lakini ndani yake iliruhusu msichana wa miaka 15 kuozwa kwa idhini ya mzazi, na wa miaka 14 kwa idhini ya mahakama, hali mvulana akitakiwa awe na miaka 18. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019. Kwa hiyo sheria na riwaya zilizaliwa pamoja. Sheria ilimwona binti kwa jicho la baba yake, na riwaya ilikwisha kuonesha jicho hilo linaweza kukosea kiasi gani.

Vivyo hivyo kwa mwanafunzi anayepata mimba. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyefukuzwa, naye aliyempa mimba mara nyingi akaendelea na kazi zake. Mwezi Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi wa namna hiyo wanaweza kurudi shuleni baada ya kujifungua. Huko ni kusahihisha jicho. Lakini waraka haumrudishi mtoto darasani peke yake. Baba anayesema binti huyu amekwisha, na mwalimu anayemnyooshea kidole, wanaweza kuufunga mlango ambao waraka umeufungua.

Upungufu wa mwandishi

Tusiimbe sifa tu. Tunaona kasoro mbili za maudhui.

Kwanza, Kezilahabi ameiacha jamii nje. Namagondo ina majirani, ukoo, kanisa na viongozi wa kijiji, lakini mapambano yamebaki baina ya mtu na mtu. Zakaria anapompiga binti yake, je, hakukuwa na mzee wa kumwita kando? Katika mitaa yetu ya Ujiji, ambamo Mha, Mmanyema na Mrundi wanashirikiana ukuta mmoja, kilio cha mtoto hakibaki cha nyumba moja. Jirani akinyamaza, huko kunyamaza nako ni kitendo, na riwaya ingeweza kukionesha.

Pili, Regina amebaki mtu wa kuvumilia tu. Mwandishi anamhurumia, lakini huruma si uchambuzi. Mwanamke anayelisha nyumba ana nguvu ambayo hajaambiwa anayo. Riwaya ingemwacha afikirie juu ya nguvu hiyo, hata kama asingeitumia, tungeona mahali ambapo mambo yangeweza kupinda. Bila hiyo, msomaji anaweza kudhani kwamba msiba haukuwa na njia ya kuzuiwa, na hivyo kurudi katika imani ya majaaliwa ambayo riwaya yenyewe inaipinga.

Kasoro hizi haziivunji kazi. Kezilahabi alizaliwa 1944, akaiandika riwaya hii akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na alipofariki mwezi Januari 2020 ilikuwa bado inasomwa na kubishaniwa. Waandishi wa leo wana nafasi ya kuyajaza mapengo aliyoyaacha.

Hitimisho

Tumesema kwamba kosa la kuona huwa msiba pale linapokuwa na nguvu nyuma yake na palipo marufuku kulisahihisha. Kwa hiyo dawa yake haiwi kuwahimiza watu waone vizuri tu, kama kwamba kila mtu anayekosea ni kipofu wa hiari. Dawa ni kumpa anayetazamwa haki ya kusema jinsi alivyo. Nyumbani, hii ni haki ya binti kueleza barua kabla ya kupigwa. Shuleni, ni haki ya mwanafunzi kumshtaki mkubwa anayemtaka bila kupoteza nafasi yake. Katika uchumba, ni haki ya mwanamke kuwa na jana yake kama mwanamume alivyo na yake.

Tunapendekeza kwamba riwaya hii isomwe si darasani tu kwa ajili ya mtihani, bali pia barazani, na akina baba wakiwamo. Isomwe mpaka siku ile ya barua, kisha kitabu kifungwe, na kila mzazi aseme angefanya nini. Mabinti wawepo wakisikiliza, na wao waseme wa mwisho.